Tom Mboya na Hesabu ya Maendeleo: Kutoka Mshahara wa Kuli hadi Mpango wa Taifa

Utangulizi

Jina la Thomas Joseph Mboya hutajwa zaidi kwa sababu ya kifo chake kuliko kwa sababu ya kazi yake. Kila ifikapo tarehe 5 Julai, mazungumzo hurejea kwenye risasi zilizomuua na kwa mtu aliyemtuma muuaji. Swali hilo ni halali, na Wakenya wengi hawajaridhika na jibu walilopewa. Hata hivyo, limefunika swali jingine lenye uzito kwa mwananchi wa kawaida: Mboya aliamini kwamba maendeleo huletwa vipi, na imani hiyo ilitufikisha wapi?

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kulifuata swali hilo. Tutaona kwamba kwa muda wa miaka kumi hivi Mboya aliwatetea watu ambao wakubwa wa wakati ule waliwaona kuwa hawafai kuwekezwa, na akafaulu. Baadaye, akiwa waziri wa mipango, alikubali kipimo kilichoelekea kufanana na kile alichokuwa akikipinga.

Malezi na Elimu

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilimambogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako babake alikuwa nyapara. Wazazi wake walikuwa Waluo wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, lakini mtoto alikulia miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali. Alisomea Kabaa katika Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, na hatimaye Mang'u. Kutokana na maisha hayo alizungumza Kidholuo, Kikamba, Gikuyu na Kiswahili. Lugha hizo zilimfaa sana alipoanza kuwahutubia wafanyakazi wa Nairobi.

Karo ilikatiza masomo yake ya Mang'u. Mnamo 1948 alijiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya, kazi ambayo mtaani hujulikana kama ya bwana afya, na kufikia 1951 alikuwa ameajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Hapo ndipo alipopata somo lake la kwanza la uchumi. Mwafrika aliyekagua vyoo, maziwa na nyumba alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyeifanya kazi iyo hiyo. Katika kitabu chake cha 1963, Freedom and After, Mboya anasimulia kwamba siku moja alikuwa peke yake katika maabara akipima maziwa. Mwanamke wa Kizungu aliingia, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu yeyote mle ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Kisa hicho kina maana kubwa katika maisha yake. Asiyeonekana hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatengewi fungu katika bajeti.

Mshahara wa Familia

Mboya aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa halmashauri hiyo, akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi. Mnamo 1953 alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Alikuwa na umri wa miaka 23. Wakati huo nchi ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Vyama vya siasa vya Waafrika vilipigwa marufuku, na katika Operesheni Anvil ya Aprili 1954 maelfu kwa maelfu ya wakazi wa Nairobi walikamatwa na kupelekwa vizuizini, wakiwemo viongozi wa wafanyakazi. Shirikisho likawa miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizosalia kisheria.

Ili kuelewa aliloligombania, sharti tuelewe jinsi mshahara ulivyokadiriwa. Serikali na waajiri walichukulia kwamba Mwafrika mjini ni kapera wa muda. Mkewe na watoto walidhaniwa kulishwa na shamba la nyumbani, kwa hivyo alilipwa kiasi cha kumtosha mtu mmoja, tena kwa shida. Waajiri walidai kwamba tija yake ilikuwa ndogo na kwamba mshahara ungepanda pindi tija itakapopanda. Mnamo 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter iliigeuza hoja hiyo. Ilipendekeza mshahara ukadiriwe kwa mahitaji ya familia, kwani mfanyakazi asiye na makao wala jamaa karibu naye hawezi kutulia kazini akapata ujuzi. Mboya aliishika hoja hiyo na kuieneza.

Machi 1955 hoja ilifikishwa gatini. Makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, na shughuli za bandari inayoilisha Afrika Mashariki zikakwama. Mboya alisafiri hadi Mombasa, akazungumza na wagomaji na waajiri, akawashawishi makuli warejee kazini huku madai yao yakipelekwa mbele ya jopo la usuluhishi. Jopo liliamua mishahara iongezwe kwa asilimia 33. Ushindi huo ulimjenga Mboya kote nchini. Zaidi ya hayo, ulithibitisha kanuni moja: mtu anaweza kutunzwa kwanza, kisha tija yake ikafuata.

Ndege za Wanafunzi

Mwaka huohuo Mboya alikwenda Uingereza, akasoma kwa mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin mjini Oxford. Alirejea 1956, na Machi 1957 akachaguliwa kuwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 1958 aliongoza kikao cha Mkutano wa Watu wa Afrika Yote mjini Accra. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Uhuru ulipoanza kunukia, swali la utendaji lilijitokeza: nani ataendesha ofisi, hospitali na viwanda? Wakati huo vijana Waafrika waliopata nafasi za chuo kikuu walikuwa wachache mno. Njia rasmi ilipitia Makerere au Uingereza, na mlango wake ulikuwa mwembamba. Mboya alikwenda Marekani kutafuta nafasi katika vyuo vya huko. Akishirikiana na mfanyabiashara William Scheinman, na kwa msaada wa watu mashuhuri kama Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier, aliwezesha ndege ya kwanza iliyobeba wanafunzi 81 mnamo Septemba 1959. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Kufikia 1963 wanafunzi wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamefaidika. Miongoni mwa waliosafiri 1960 alikuwamo Wangari Maathai, ambaye alipata Tuzo ya Amani ya Nobel mnamo 2004.

Maafisa wa elimu wa kikoloni waliupinga mpango huo. Walisema wanafunzi wengi hawakuwa wamefikia kiwango, na kwamba baadhi ya vyuo walivyokwenda vilikuwa hafifu. Jibu la Mboya lilikuwa la vitendo. Nyumbani jamaa na majirani walichanga fedha kwa harambee na karamu za chai ili kumpatia kijana pesa za matumizi. Uwezo wa kijana haukupimwa kwa cheti alichokuwa nacho siku ya kuondoka. Ulitarajiwa kujitokeza baada ya kupewa nafasi. Kwa mara ya pili, kama ilivyokuwa kwa makuli, Mboya alikataa kipimo kinachompa zaidi yule ambaye tayari anacho.

Waraka Nambari 10

Mboya aliteuliwa Waziri wa Leba mnamo 1962. Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa mahusiano ya viwandani. Mkataba huo ulikubali haki ya wafanyakazi kujiunga na vyama, na ukaweka njia ya kusuluhisha migogoro kabla ya mgomo. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba, na kuanzia Desemba 1964 akawa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo.

Mnamo 1965 wizara yake ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika na utumizi wake katika mipango ya Kenya. Mwai Kibaki, mwanauchumi kijana wakati huo, alikuwa miongoni mwa walioshiriki kuuandaa. Waraka uliahidi usawa, vita dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi, na uchumi usioegemea Mashariki wala Magharibi. Ahadi hizo zilikubalika kwa wengi. Athari kubwa ilitokana na kifungu cha 133.

Kifungu hicho kilisema kwamba ili uchumi wote ukue haraka, fedha za maendeleo ziwekezwe mahali zitakapozaa zaidi. Mahali hapo palielezwa kuwa penye ardhi nzuri na mvua, barabara, reli na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Mfano ulitolewa kwa hesabu. Pauni milioni moja ikiwekwa katika eneo moja huenda ikaongeza pato kwa pauni 20,000 kwa mwaka, na ikiwekwa kwingine ikaongeza pauni 100,000. Busara, kwa mujibu wa Waraka, ni kuchagua eneo la pili. Taifa litapata ziada ya pauni 80,000, na kwa ziada hiyo litaweza kulisaidia eneo la kwanza kwa ruzuku na mikopo nafuu.

Hesabu yenyewe haina kosa. Tatizo limo katika vipimo vyake. Reli na barabara za 1965 hazikuwa zimejitandaza zenyewe. Ziliwekwa na serikali ya kikoloni ili kuwahudumia walowezi na kuifikia Uganda. Kwa hivyo eneo lililopewa reli jana lilistahili kupewa zaidi leo, nalo lililonyimwa likanyimwa tena. Kaskazini mwa nchi pamoja na sehemu kubwa za Pwani na Nyanza hazingeweza kushinda kwa kipimo hicho. Hata Rusinga, kisiwa cha wazazi wa Mboya, hakikupitiwa na reli. Aidha, nani atapima utayari wa watu kupokea maendeleo? Maafisa wa elimu walikuwa wamewapima wanafunzi wake kwa kipimo cha aina hiyo, naye akawapinga.

Lawama haikukawia. Mnamo Julai 1965 Barack Obama, mwanauchumi aliyesomea Marekani katika enzi hizo za safari za wanafunzi na babake aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alichapisha uhakiki katika jarida la East Africa Journal. Aliuliza iwapo Waraka ulikuwa na hatua za kutosha za kuzuia mali isirundikane mikononi mwa wachache. Kwa upande wa siasa, Jaramogi Oginga Odinga alijiondoa katika serikali na KANU mnamo 1966, akaunda chama cha KPU. Mboya ndiye aliyekuwa mpangaji mkuu wa mkutano wa Limuru wa Machi 1966 uliompunguzia Odinga mamlaka chamani. Ubingwa alioutumia kuwaleta watu pamoja gatini sasa ulitumika kuwabana wapinzani.

Ni haki, hata hivyo, kusema kwamba Waraka ulikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza ilielekeza fedha kwenye maeneo yenye rutuba. Nusu ya pili iliahidi kwamba ziada ingerudishwa kwa walioachwa nyuma. Nusu ya kwanza ilitekelezwa na idara zenye bajeti na maafisa. Nusu ya pili haikuwekewa sheria ya kuilazimisha, kiwango wala tarehe. Ilibaki ahadi.

Kifo na Yaliyofuata

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Mboya alikuwa amerejea nchini kutoka Addis Ababa. Mchana alipita katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue. Alipotoka alipigwa risasi, akafariki akiwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa mwaka huohuo. Mboya alizikwa Rusinga, na sanamu yake ilisimamishwa karibu na mahali alipouawa mnamo 2011.

Mwaka mmoja kabla ya sanamu hiyo, tarehe 27 Agosti 2010, Mwai Kibaki akiwa rais aliizindua katiba mpya. Katiba hiyo iliunda kaunti 47 na kuzitengea kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Pia iliunda Hazina ya Usawazishaji ya nusu ya asilimia moja ya mapato kwa miaka 20, ili maeneo yaliyotengwa yapate maji, barabara, afya na umeme. Utekelezaji wa hazina hiyo ulikawia kwa miaka mingi. Lakini kwa mara ya kwanza nusu ya pili ya hesabu ya 1965 iliandikwa kwa asilimia na kwa muda maalumu.

Hitimisho

Maisha ya Mboya yanatufunza kwamba mpango wa maendeleo hutegemea sana kipimo kilichochaguliwa kabla ya hesabu kuanza. Kwa kuli alipima mahitaji ya familia, na kwa mwanafunzi akapima kile ambacho nafasi ingeweza kuzaa. Kwa maeneo ya nchi alipima mavuno ya karibu, akaiacha ahadi ijitetee yenyewe. Wanafunzi 800 walipanda ndege kwa sababu aliwakatalia waliosema hawajawa tayari. Mtoto wa Mandera au Turkana wa 1965 hakupata mtetezi kama huyo katika wizara ya mipango. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Zile pauni 80,000 za mfano wa Waraka zilikuwa deni tangu siku zilipoandikwa, na kila bajeti ya taifa inaposomwa, wananchi wa maeneo hayo wana haki ya kuuliza limelipwa kiasi gani.