Muindi Mbingu, Mtu wa Ukambani Aliyehamishiwa Lamu

Sisi watu wa miji ya pwani tuna ada moja isiyotupa sifa. Twazijua nasaba za watu wa Hadhramaut na Oman hata kwa majina ya mababu saba, walakini jirani yetu wa Kitui na Makueni, ambaye pojo na maembe yake yamo jikoni mwetu mwaka mzima, hatujui khabari zake wala hatuziulizi. Hivi karibuni katika darasa letu palizuka mas-ala juu ya dola na ilimu: je, uchunguzi wa wataalamu unaolipiwa na serikali ni ilimu tupu, au ni ilimu yenye bwana? Maneno yalikuwa mengi. Ndipo mwenzetu mmoja aliposema kwamba jawabu moja la mas-ala haya lililetwa Lamu chini ya ulinzi mwaka 1938, na wengi wetu tukaona haya kwa kutofahamu amkusudiaye. Alimkusudia Samuel Muindi Mbingu. Tumeona inatupasa kuyaandika maisha yake.

Wakati huo nchi ya Wakamba ilikuwa wilaya mbili, Machakos na Kitui. Makueni, ambayo leo ni kaunti peke yake, ilikuwa sehemu ya Machakos hata mwaka 1992. Wakamba hawakuwa wageni kwetu: karne nzima kabla ya Muindi misafara yao ya pembe ilikuwa ikishuka hata Mombasa, na Kivoi, mfanyibiashara mkubwa wa Kitui, ndiye aliyemchukua mmisionari Krapf hata akauona mlima Kenya mwaka 1849. Muindi alikuwa mtu wa Ngelani, katika vilima vya Iveti karibu na mji wa Machakos. Hakuwa chifu, wala mtaalamu wa kitu cho chote kinachoandikwa vitabuni. Alikuwa mtu wa watu, mwenye ulimi na moyo, na lau si ng'ombe pengine jina lake lisingalivuka kijiji chake.

Ng'ombe kwa Mkamba ni akiba ya siku ya njaa na ndiyo mahari ya mwanawe. Serikali ya Kiingereza ilipokuja ilichora mpaka wa nchi yake: vilima vya Mua na sehemu ya mbuga za Athi wakapewa walowezi wa Kizungu, na uwanda wa Yatta ukafanywa mali ya taji, asilishe mtu ila kwa idhini na malipo. Watu wakazidi, ng'ombe wakazidi, na malisho yakabaki palepale. Kisha wakaja nzige, kisha ukame wa miaka ya 1930. Majani yakaisha vilimani, na kila mvua iliponyesha udongo ukashuka mtoni.

Hapa tuseme kwa insafu. Udongo ulikuwa ukienda kweli. Mwenye kudhani kwamba Wazungu waliyazua hayo ili wapate ng'ombe hakuiona mito ya Ukambani ilivyokuwa myekundu. Wataalamu waliokwenda huko walikuwa na macho, na waliyoyaandika juu ya makorongo na vilima vilivyo uchi hayakuwa uongo. Mwaka 1929 tume ya kilimo ya Sir Daniel Hall ilionya juu ya wingi wa mifugo. Tume ya ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ikaitaja Ukambani kuwa mfano mbaya. Mwaka 1937 akaja kutoka London Sir Frank Stockdale, mshauri wa kilimo wa makoloni, na mwaka huohuo Colin Maher, ofisa wa kilimo aliyepewa kazi ya kuchunguza mmomonyoko wa udongo, akaandika ripoti ndefu juu ya Machakos. Marekani nayo ilikuwa imetoka kuona mashamba yake yakiruka hewani kama vumbi, na hofu hiyo ilivuka bahari.

Lakini tazameni, ndugu, swali walilopewa wataalamu hao. Tume ya Carter ilikuwa na kazi ya kukata mipaka ya ardhi ya Waafrika iwe ya mwisho, na katika kukata huko nyanda za walowezi zikathibitishwa kuwa zao. Mlango wa ardhi ulipokwisha kufungwa, wakatumwa wachunguzi kuuliza kwa nini ng'ombe hawaenei. Swali la ardhi halikuwamo tena katika karatasi zao. Lililobaki ni moja: ng'ombe wangapi waondolewe? Basi mtu mwaminifu, mwenye kupima kwa uaminifu, hutoa jawabu sahihi la swali lililopotoka, na serikali hulichukua jawabu hilo ikasema kwamba ilimu ndiyo iliyoamua.

Na fedha nazo zilikuwa na njia yake. Sheria ya maendeleo ya makoloni iliyopitishwa London mwaka 1929 iliruhusu misaada kwa kilimo na viwanda vya makoloni, lakini ilisema waziwazi kuwa sharti jambo hilo likuze biashara au viwanda vya Uingereza kwenyewe, kwani huko watu walikuwa hawana kazi. Hatulaumu mtu kupenda nchi yake. Illa mwenye kula chakula ajue nani amekipika, na kwa nini.

Jambo likaja kudhihirika katika Athi River. Kampuni ya Liebig, iliyokuwa na kazi ya nyama za makopo katika nchi nyingi, ilijenga kiwanda hapo, karibu na mpaka wa Wakamba. Kiwanda hakiendi bila ng'ombe, na ng'ombe wa bei ya chini. Mwaka 1938 serikali ikaamuru mifugo ya Machakos ipunguzwe kwa nguvu. Kila mahali pakawekewa idadi yake. Ng'ombe wa kubaki wakatiwa chapa, na waliozidi wakapelekwa mnadani, ambako bei haikumridhisha mwenye mali. Mzee aliyelala na ng'ombe kumi akaamka na idadi aliyopangiwa na mtu asiyemjua. Ripoti ya mtaalamu, hitaji la kiwanda na fimbo ya askari vilifika siku moja. Nani angaliweza kuvitenga?

Muindi na wenziwe wakaunda chama, Ukamba Members Association. Watu wakala kiapo kwa desturi ya kwao kwamba hawatauza ng'ombe. Walipata msaada wa viongozi wa Kikuyu, na wa Isher Dass, Mhindi aliyekuwa katika baraza la kutunga sheria. Na Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa Uingereza, akalifikisha jambo lao kwa watu wa huko. Machifu wengi walikaa upande wa serikali, kama ilivyo ada ya mwenye mshahara.

Mwishoni mwa Julai 1938 maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, wakaondoka vilimani wakaenda kwa miguu hata Nairobi kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Hawakuchukua silaha. Wakapiga kambi mjini, wakakaa siku nyingi wakingoja, na Gavana hakutaka kuwaona huko. Serikali ilikuwa na hofu yake, wala haikuwa hofu ya bure: katika askari wa KAR na wa polisi walikuwamo Wakamba wengi, na askari ambaye ng'ombe wa baba yake wamekwenda mnadani si askari wa kutegemewa. Mwezi wa Agosti Gavana akaenda mwenyewe Machakos akazungumza nao barazani. Hawakupatana. Kabla ya mwaka kwisha Muindi akakamatwa, akatolewa katika nchi ya milima akapelekwa Lamu, kisiwani, mahali ambapo ng'ombe alikuwa haba na punda ndiye mnyama wa kila nyumba.

Mwezi wa Desemba mwaka huohuo serikali ikaiacha amri ya kuuza kwa nguvu. Aliyekuwa akiipinga akabaki Lamu.

Twapenda msomaji asimame hapa kidogo. Mtu akifungwa kwa kosa, na kosa lenyewe likafutwa, yeye hufungwa kwa nini? Wazee wetu wa Lamu waliwaona wageni wengi wa dola wa namna hiyo, kwani serikali ilifanya ada kuwatupia pwani watu iliowachoka bara. Tuliwapokea kwa ukarimu wetu. Tungaliwauliza pia walichojia.

Muindi hakuwa na jawabu la udongo. Hatutaki kumfanya zaidi ya alivyokuwa, maana darasa letu halipendi kuwavika watu vilemba visivyo vyao. Lau watu wangalimsikiliza yeye peke yake, na ng'ombe wakaongezeka bila kikomo, vilima vya Iveti visingalipona. Alichokuwa nacho ni swali ambalo wataalamu hawakuruhusiwa kuliuliza: malisho yetu yamekwenda wapi? Na kwa kuwa swali hilo halikuwa na mahali katika ripoti, likaenda kwa miguu hata Nairobi.

Vita vilipokuja, London ilibadili mkono. Sheria ya mwaka 1940 ilitenga pauni milioni 5 kwa mwaka kwa maendeleo na ustawi wa makoloni, na pauni 500,000 kwa mwaka kwa utafiti. Sheria ya 1945 ikaongeza hata pauni milioni 120 kwa miaka kumi. Kwa Ukambani serikali ilianza kufungua nchi ya Makueni, ambayo ilikuwa pori la ndorobo. Vichaka vikafyekwa, mbung'o wakaondolewa, na watu wakapewa mashamba kwa masharti juu ya mifugo na matuta. Wengi walisitasita. Waliokwisha kunyang'anywa mara moja hawakuamini kwamba pori linalosafishwa kwa fedha ya serikali litabaki lao.

Katika matuta hayo ndimo mlimo na funzo ambalo sisi tumelipenda. Maher na wenziwe walipendelea matuta membamba ya haraka, yaliyochimbwa kwa amri, na mvua kubwa zikayabomoa. Wakamba wakachagua wenyewe namna nyingine: mtu huchimba mtaro, akaurusha udongo upande wa juu, na kidogo kidogo shamba likawa ngazi, likashika maji na mbolea. Kazi hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, lakini mavuno huonekana. Namna hii huitwa fanya juu, kwa Kiswahili hikihiki chetu, na vitabu vya kilimo vya nchi nyingi vimelichukua jina hilo bila kulifasiri. Ilifanywa zaidi na vikundi vya mwethya, yaani kazi ya kusaidiana ya majirani, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake. Kule Kitui nako watu wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito ikaukayo, maji yakajificha chini ya mchanga jua lisiyafikie.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya nchi hii ya Machakos, pamoja na Makueni. Walizitwaa picha za vilima zilizopigwa mwaka 1937 wakazilinganisha na za mwaka 1991 za mahali palepale. Watu walikuwa wamezidi kutoka kiasi cha 240,000 hata kiasi cha 1,400,000, na udongo ulikuwa umeshikwa vizuri kuliko zamani, miti nayo imeongezeka. Wataalamu wa 1937 walikuwa wametabiri jangwa.

Wala tusiseme kwamba serikali haikufanya kitu. Kituo cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kilizaa katika miaka ya 1960 mahindi yanayokomaa upesi kabla mvua haijakatika, na mkulima wa Makueni aliyatwaa bila kuburutwa na askari. Uchunguzi huo nao ulilipiwa na hazina ya dola. Tofauti ni kwamba mbegu humwachia mtu hiari: akiipenda huipanda, asipoipenda huirudia ya babaye, na mtaalamu hulazimika kurudi kuuliza kwa nini.

Leo mambo haya yana sheria. Ile ya mwaka 1977 iliweka baraza la taifa la sayansi. Ya 2013 ikaleta tume ya kutoa vibali vya utafiti na mfuko wa kuugharamia, ikataka mfuko huo upewe asilimia 2 ya pato la nchi. Kiasi hicho hakijafikiwa hata mara moja. Mwenye fedha chache huchunguza anacholipiwa na mgeni. Na sisi wa pwani tusidhani hayatuhusu: mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, wakataji mikoko wa Lamu walikaa bila kazi hata mwaka uliofuata. Mikoko yahitaji kulindwa, hatubishi. Lakini nani katika baraza za miji yetu aliyejua hesabu ile ilipigwaje, na mkata boriti wa Ndau au Faza aliulizwa nini kabla ya amri?

Muindi Mbingu alirejea kwao baada ya miaka ya uhamisho, akafa kabla ya nchi kupata uhuru. Kiwanda cha Athi River kilitoka mikononi mwa Liebig kikawa cha Kenya Meat Commission, iliyoundwa mwaka 1950. Nairobi, mji uliomweka nje akingoja, umeupa mtaa mmoja jina lake. Ndio mtaa upitao mbele ya soko kuu la City Market, hatua chache na Msikiti wa Jamia, na wengi wetu tumeupita tukienda kusali.