Katoucha Niane, manekeni aliyesema

Katika Kifaransa tunachosoma hapa kitivoni, neno mannequin lina maana mbili: sanamu inayovalishwa nguo dukani, na mtu anayelipwa kuonyesha nguo. Asili yake ni Kiholanzi, ambako lilimaanisha mtu mdogo. Kiswahili sanifu kimetenganisha maana hizo. Mwanamitindo ni mtu, sanamu ni sanamu. Lakini kazini mpaka huo si rahisi kuulinda, na maisha ya Katoucha Niane ni ushahidi wa jambo hilo.

Alizaliwa Conakry, nchini Guinea, tarehe 23 Oktoba 1960. Wengi wetu tunamjua baba yake bila kumjua yeye. Ni Djibril Tamsir Niane, mwanahistoria aliyeandika Soundjata ou l'épopée mandingue, kitabu kilichotolewa na Présence Africaine mwaka huohuo wa 1960 kutokana na masimulizi ya mghani wa jadi Mamadou Kouyaté. Kwa hiyo Katoucha alizaliwa katika nyumba iliyoheshimu neno na waliolihifadhi. Hata hivyo elimu ya baba haikumkinga. Alipokuwa na miaka 9 alikeketwa, kama zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 wa nchi yake. Kidonda kilipona kwa nje, na habari zake hazikuzungumzwa.

Ujana wake ulipitia Mali na Senegal. Akawa mama akiwa bado mdogo, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaenda Paris kutafuta maisha. Alifanya kazi katika nyumba ya mitindo ya Lanvin, akavaa pia nguo za Thierry Mugler, Paco Rabanne na Christian Lacroix, na mwishowe akawa mmoja wa wanawake waliopendwa zaidi na Yves Saint Laurent.

Watazamaji waliona dakika chache za kazi yake. Sehemu kubwa ya kazi ya manekeni hufanyika nyuma ya pazia. Katika nyumba za ushonaji za Paris, nguo haikamiliki mezani; hukamilika juu ya mwili wa mtu. Manekeni husimama saa nyingi huku mafundi wakimzunguka na pini, wakikata kitambaa, wakipandisha pindo, wakifungua mshono walioufunga jana. Huambiwa geuka, inua mkono, tembea, simama. Haulizwi kama amechoka. Nenepa kidogo au konda kidogo, na nguo iliyopimwa kwako humfaa mwingine. Maonyesho makubwa huwa mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, na majuma yanayoyatangulia hayana usingizi. Siku yenyewe, manekeni huvuliwa na kuvalishwa upesi na mikono ya watu kadhaa, kisha hutoka jukwaani kwa mwendo wa utulivu kama mtu asiye na haraka yoyote duniani. Kusema si sehemu ya kazi hiyo.

Saint Laurent aliwapa wanawake weusi nafasi ya mbele wakati nyumba nyingi zilikuwa zikisitasita. Kabla na wakati wa Katoucha walikuwapo Mounia wa Martinique, Rebecca Ayoko wa Togo na Khadija Adam wa Kenya. Katoucha alipewa jina la binti mfalme wa Kifulani, ingawa alikuwa mtoto wa mwalimu wa historia. Jina hilo lilimpandisha thamani, na pia lilimfunika: umati ulipewa hadithi nzuri ya Afrika, ukaridhika nayo. Kwa zaidi ya miaka 10 mwili wake ulipimwa kwa sentimita na kupigwa picha kutoka kila upande, na lile lililotendeka Conakry halikujulikana.

Mwaka 1994 aliacha jukwaa. Alijaribu kubuni mavazi yake mwenyewe, akawasaidia wasichana wa Afrika Magharibi walioitamani kazi hiyo, na akaigiza katika filamu Ramata, iliyotokana na riwaya ya Abasse Ndione. Lakini tendo lake kubwa lilikuja mwaka 2007, alipotoa kitabu Dans ma chair, alichoandika pamoja na Sylvia Deutsch. Kwa Kiswahili tungesema: katika nyama ya mwili wangu. Humo alieleza ukeketaji wake waziwazi, kisha akaunda chama cha kupambana na desturi hiyo. Binti wa mtu aliyeandika maneno ya mghani sasa alisimulia mwenyewe, na habari alizozitoa hazikuwa za wafalme.

Hakupata muda mrefu. Mwanzoni mwa 2008 alitoweka. Alikuwa akiishi katika mashua kwenye mto Seine, jijini Paris, na tarehe 28 Februari mwili wake ulipatikana mtoni. Uchunguzi wa madaktari haukuona dalili za kushambuliwa. Alikuwa na miaka 47, akaacha watoto watatu. Baba yake alifariki miaka 13 baadaye, Machi 2021.

Kwa msomaji wa Manguredjipa, Butembo au Beni, Paris ni mbali na ukeketaji si desturi ya huku. Ila kunyamaza juu ya mwili wa mwanamke ulioumizwa tunakujua vizuri. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri ya kingono inaadhibu pia ukataji wa viungo vya uzazi. Sheria hiyo haiwezi kuanza kazi kabla mtu hajafungua kinywa, na anayefungua kinywa anahitaji maneno ambayo wasikilizaji hawataona haya kuyasikia. Katoucha aliyatafuta maneno hayo kwa Kifaransa, akiwa na umri wa miaka 46. Kuyatafuta kwa Kiswahili na kwa Kinande ni kazi ya kitivo kama hiki.