Okot p'Bitek, Mwalimu Aliyefukuzwa na Wakubwa

Wanafunzi wanaonitembelea hapa Dunga huusoma Wimbo wa Lawino kwa ajili ya mtihani. Ni wachache wajuao kwamba mtunzi wake, Okot p'Bitek, alipata kufundisha mjini Kisumu, na wachache zaidi wajuao kilichomleta.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya kandanda ya taifa lake, akabaki huko kusoma ualimu, sheria, na hatimaye anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko hakukubali kunyamaza wahadhiri walipowaita Waafrika washenzi.

Utenzi wake ulipochapishwa Nairobi mwaka 1966, alikuwa ameanza kuongoza Kituo cha Taifa cha Utamaduni mjini Kampala. Lakini mwishoni mwa mwaka 1967, baada ya kuikosoa serikali ya Milton Obote akiwa safarini Zambia, aliondolewa kazini. Mwenye nguvu mpishe, walinena wahenga. Okot hakumpisha, na malipo yake yakawa uhamisho.

Hasara ya Kampala ikawa faida yetu. Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kilimpa kazi ya kuwafikishia elimu wananchi wa magharibi ya Kenya walio nje ya chuo, makao yake yakiwa Kisumu. Desemba 1968 alianzisha hapa tamasha la sanaa. Kwa kuwa Kiacholi na Kijaluo ni lugha za ukoo mmoja, hakuwa mgeni kabisa.

Hata hivyo, Wakenya tusijisifu. Januari 1969 serikali yetu ilimzuia Jaramogi Oginga Odinga kuwahutubia wanafunzi wa chuo hicho hicho. Wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa, na mhadhiri Ngũgĩ wa Thiong'o akajiuzulu kwa kupinga jambo hilo. Tulimhifadhi mkosoaji wa jirani huku tukimziba mdomo wa kwetu.

Okot alirejea Makerere baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979. Alifariki Julai 1982, muda mfupi baada ya kufanywa profesa.

Kwa maoni yangu, aliyeadhibiwa zaidi si Okot, kwani aliendelea kuandika na kufundisha ugenini. Walioadhibiwa ni vijana wa Uganda, waliokosa mwalimu huyo kwa zaidi ya miaka kumi. Mtawala anapomfukuza mhadhiri kwa sababu ya maneno yake, walimu wenzangu tuwahesabu kwanza wanafunzi waliobaki darasani.