Wahome Mutahi: Mcheshi Aliyefungwa

Mwanafunzi mpendwa, kabla hujajibu swali kuhusu kejeli katika Kigogo, mjue Wahome Mutahi. Kumcheka mtawala jukwaani ni jambo la kale: kule Athens, Aristophanes alimdhihaki Cleon, naye Cleon akamshtaki. Wahome alilipa zaidi.

Alizaliwa Nyeri mwaka 1954. Wengi walimjua kwa safu ya Whispers katika magazeti ya Jumapili, alimojicheka yeye mwenyewe, watoto, na mke aliyembandika jina la Thatcher. Usidanganyike na vichekesho hivyo vya nyumbani; wakubwa serikalini walichapwa humo humo.

Mwaka 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, alikamatwa, akateswa katika Jumba la Nyayo, kisha akafungwa gerezani. Kutokana na mateso hayo aliandika riwaya ya Kiingereza, Three Days on the Cross (1991). Mwingine angenyamaza. Yeye aligeukia tamthilia za Kigikuyu, kama vile Mugaathe Mubogothi, iliyomkejeli Mtukufu mwenyewe. Tena hakungoja ukumbi rasmi. (Wewe wa Bura, usiye na jumba la maigizo karibu, zingatia hapo.) Michezo yake iliigizwa kwenye baa, katikati ya meza na chupa, mbele ya watu wa kawaida.

Machi 2003 alifanyiwa upasuaji mdogo, akapoteza fahamu na asizinduke. Alifariki Julai, miezi michache tu baada ya Moi kuondoka madarakani.