Roosevelt: Je, ilikuwa polio kweli?

Franklin Delano Roosevelt, aliyeiongoza Marekani kuanzia mwaka 1933 hadi alipofariki dunia tarehe 12 Aprili 1945, anakumbukwa kuwa mgonjwa mashuhuri zaidi wa polio. Hata hivyo, baadhi ya madaktari wametilia shaka jina la maradhi yaliyompooza.

Alizaliwa tarehe 30 Januari 1882 huko Hyde Park, jimbo la New York. Mwezi Agosti 1921, akiwa na umri wa miaka 39, alikuwa mapumzikoni katika kisiwa cha Campobello, Canada, aliposhikwa na homa na miguu ikaanza kulegea. Katika siku chache miguu yote miwili ilipooza, udhaifu ukapanda hadi usoni, kibofu kikashindwa kazi na ngozi ikawa haivumilii kuguswa.

Daktari mmoja mzee wa upasuaji alidhani ni damu iliyoganda, akaagiza miguu ikandwe. Wiki mbili baada ya dalili kuanza, Dk Robert Lovett alitamka kuwa ni polio.

Kinga iliyogeuka adui

Mwaka 2003, watafiti wakiongozwa na Dk Armond Goldman wa Texas walizipitia upya dalili hizo, wakaona zinaelekea zaidi ugonjwa wa Guillain-Barré. Katika ugonjwa huo adimu, kinga ya mwili huzishambulia neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo kwenda viungoni. Kupooza huanzia miguuni, kukapanda pande zote mbili sawia, ilhali polio mara nyingi huelemea upande mmoja.

Wataalamu wengine hawakubaliani na hoja hiyo, wakitaja homa aliyokuwa nayo.

Kipimo kilikuwepo. Mwaka 1916, madaktari Wafaransa Guillain, Barré na Strohl walionyesha kuwa maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa hao huwa na protini nyingi bila chembechembe kuongezeka.

Jina sahihi lisingempatia Roosevelt dawa, kwani haikuwepo. Leo mgonjwa husafishwa plazima ya damu au hutiwa kingamwili kupitia mshipa, hasa katika wiki mbili za kwanza, huku pumzi yake ikichungwa kwa makini.

Mwaka 1938, Roosevelt alianzisha mfuko wa taifa wa kupambana na polio, uliogharimia utafiti wa Jonas Salk. Mafanikio ya chanjo hiyo yalitangazwa tarehe 12 Aprili 1955, miaka 10 kamili baada ya kifo chake. Huenda jina lilikosewa, lakini watoto wengi walinusurika kwa sababu yake.