Daktari Castellani na Bakteria za Jozi

Neno la Kiyunani lenye maana ya "maradufu" limo katika maneno mengi ya baolojia. Seli ya diploidi ina seti mbili za kromosomu. Diplokokasi ni bakteria za mviringo zikaazo mbilimbili. Bakteria za jinsi hiyo zilikaribia kumpoteza njia Daktari Aldo Castellani katika habari ya malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, yule yule aliyewazuia wazee wetu wa Mbulu na Hanang kulisha ng'ombe porini.

Castellani alizaliwa Florence, Italia, mwaka 1874. Alihitimu udaktari mwaka 1899, kisha akasomea London magonjwa ya nchi za joto. Mwaka 1902 alipelekwa Uganda pamoja na Madaktari Low na Christy. Malale yalikuwa yakiua watu kwa maelfu Busoga na visiwani mwa Ziwa Viktoria, wala sababu haikujulikana. Pale Entebbe aliona katika maiti bakteria za mviringo, zimeshikana kama shanga. Madaktari Wareno waliochunguza malale Angola walikuwa wametaja jozi kama hizo. Basi akaamini amempata mwuaji, akapeleka habari London.

Lakini hakuacha kutazama, na hapa ndipo ninapomsifu. Alichota maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa walio hai, akayazungusha kwa mashine hata mashapo yakatuama, akayaweka chini ya hadubini ili azione jozi zake. Novemba 1902 akaona kitu kingine kabisa: kijidudu chembamba, kirefu, chajinyonganyonga. Ndiyo tripanosoma! David Bruce alipofika Machi 1903 akaonyeshwa. Yeye na wenzake wakaendelea hata wakabaini kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Zile jozi zilikuwa wageni tu, huingia mgonjwa akiisha kudhoofika.

Watu walibishana miaka mingi nani astahili sifa, Bruce au Castellani. Mimi nasema wote wawili.

Kutoka Uganda alikwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na mwaka 1905 akagundua kijidudu cha buba. Ila mwaka 1935 na 1936 aliongoza huduma ya tiba katika majeshi ya Mussolini yaliyoivamia Ethiopia, na kwa hilo simsifu. Alifariki Lisbon, Ureno, mwaka 1971.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne