Ernest Codman, daktari aliyehesabu makosa yake
Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston, Marekani, alizaliwa 1869. Kila mgonjwa alimwandikia kadi, kisha baada ya mwaka alimfuatilia kujua kama amepona, na kama hakupona, kwa nini. Hospitali yake ndogo ilitangaza makosa 123 kwa wagonjwa 337. Wangapi wangethubutu?

Chama cha wapasuaji wa Marekani kilimpa uenyekiti wa kamati ya viwango vya hospitali. Lakini mwaka 1915, mkutanoni Boston, alionyesha katuni ya mbuni aliyefukia kichwa mchangani huku mayai yake ya dhahabu yakiwaendea madaktari. Wenzake walikasirika, akaacha uongozi wa chama cha pale mjini, na kipato kikashuka.

Mwaka 1920 alianzisha daftari la saratani ya mifupa, akikusanya taarifa za wagonjwa kutoka kwa madaktari wengine. Alifariki 1940. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 2014.